Upande wa Msichana Umetoa Nini?

Siku Vipul Katiyar alipokula batasha ya Sulekha Masih, soko la Gumti lilikuwa limefurika watu wa harusi. Ulikuwa msimu wa ndoa, na sisi watu wa Kanpur msimu huo hununua vitu kama watu wanaohama mji. Masanduku ya sari yalipita juu ya vichwa vya watu, majokofu yalipita juu ya mikokoteni, na mahali pekee palipokuwa na utaratibu ni pale kwa muuza batasha. Wateja husimama duara, kila mmoja na kibakuli chake cha jani mkononi. Muuzaji hutoboa kijipuri kikavu, kimkate cha kukaanga kilicho wazi ndani, hukijaza viazi na maji ya ukwaju yenye pilipili, kisha hukitia kwenye kibakuli cha mwenye zamu. Zamu ni zamu. Mtu anaweza kumruka mwenziwe kwenye foleni ya hospitali akasamehewa, lakini si hapo.

Vipul alikuwa ametoka kwenye duka la miwani anakofanya kazi, amevaa shati la samawati lililopigwa pasi mpaka likatoka mistari, na njaa imemshika. Mkono wa muuzaji ulipopita mbele yake, aliidaka batasha na kuitia yote mdomoni.

"Hiyo ilikuwa yangu," ilisema sauti ya kike ubavuni kwake.

Vipul aligeuka, mashavu yamemvimba, machozi ya pilipili yanamtoka. Aliona kurta ya rangi ya haradali, mtandio mweupe uliotupwa begani kwa haraka, hereni ndogo za fedha, na jicho lisilo na mchezo.

"Shamahani, dada..."

"Dada yako nani? Meza kwanza, ndipo uombe radhi."

Watu wakacheka. Muuzaji akasema, "Bibie, nakujazia nyingine sasa hivi."

"Sitaki nyingine. Nilikuwa naitaka ileile."

"Nitakulipia sahani nzima," Vipul alisema alipopata pumzi.

"Mwizi akilipa anakuwa nani? Anabaki mwizi tu." Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na huko miguuni akakaa kidogo. "Na hicho kiatu cha kushoto, kaka mwizi, walikuuzia karatasi wakakwambia ngozi. Mvua ya kwanza kitakuaga."

"Umejuaje?"

"Nakata ngozi kiwandani Jajmau. Wewe unauza nini?"

"Miwani. Njoo nikupime macho."

"Macho yangu ni mazima. Nimekuona ukiiba."

Alisema hivyo lakini kadi ya duka aliipokea. Siku iliyofuata simu ya Vipul iliita akiwa anamfutia mteja kioo.

"Hapo ni kwa mwizi?"

"Ndiyo, hapa hapa. Nani mwenzangu?"

"Mwenye mali."

Tangu siku hiyo jina lake kwenye simu ya Sulekha likawa Mwizi, na yeye akamwandika Mwenye Mali. Basi wakapendana. Sitawachosha kwa habari za bustani na sinema. Jueni tu kwamba Vipul alikuwa kijana mzuri wa sura, mpole, mwenye ugonjwa mmoja unaotusumbua wengi Kanpur: majigambo. Bosi wake akimsifu mara moja, nyumbani angesema amepandishwa cheo. Sulekha aliujua ugonjwa huo na aliucheka.

"Laazizi, jana nimeuza miwani mia," angesema kwenye simu.

"Gawa kwa kumi."

"Basi kumi na mbili."

"Toa mbili za kujifurahisha. Umekula?"

Sulekha aliishi na baba yake, Barnabas Masih, mjane aliyetumia maisha yake kushona matandiko ya farasi na sasa alikuwa akishona mikanda nyumbani. Jumapili jioni majirani wachache walikusanyika sebuleni mwake. Mzee alikunja miguu yake kwenye mkeka, akavuta kinanda chake cha mkono, wakaimba, akasoma, wakanywa chai na kwenda zao. Vipul alifika hapo mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimeshaaga, kama alivyoambiwa.

Jioni ile mzee alisoma maneno juu ya kusamehe. Sasa, baba yake Vipul alikufa kwa pombe, na kabla ya kufa alimpiga mkewe kila alipopata nguvu ya kusimama. Vipul alichoma maiti ya baba yake kama mwana anavyotakiwa, lakini moyoni hakumzika. Alikuwa amemtunza humo na kumchukia kila siku. Aliyasikiliza yale maneno, akalia mbele ya watu asiowajua. Hakuna aliyemgusa wala aliyemhubiria. Mzee Barnabas alimsogezea kitambaa cha kufutia ngozi, maana ndicho kilichokuwa karibu, na Vipul akajifuta machozi kwa kitambaa chenye rangi ya viatu. Alirudi nyumbani na uso mweusi, na mama yake akadhani amepigana.

Alirudi Jumapili ya pili, na ya tatu. Mvua ilipokwisha, akampigia simu Sulekha.

"Nataka kubatizwa."

Upande wa pili ikasikika sufuria ikiwekwa chini.

"Mwenye Mali, upo?"

"Nipo. Usibatizwe kwa ajili yangu, Vipul. Nakuomba. Mimi nitakupenda hata ukiabudu kioo cha dukani kwenu."

"Si kwa ajili yako."

"Una hakika?"

"Kwa ajili yako ningenunua pikipiki. Hili ni langu. Nimemsamehe baba, Sulekha. Juzi nimepita pale kwenye ghati ya mtoni tulipomchomea, sikutema mate."

Sulekha alilia kidogo, akapenga kamasi, akasema, "Utasumbuliwa."

"Nitafuata sheria. Mtu akifuata sheria atasumbuliwa na nani?"

Hapo ndipo mimi huhisi kichefuchefu, maana sheria yenyewe naijua. Katika jimbo letu mtu anaweza kuacha nyama, kuacha kazi na kuacha mke bila kumuaga mtu. Lakini akitaka kuacha dini ya Kihindu ashike Ukristo, ni lazima amwandikie mkuu wa wilaya miezi miwili kabla, kisha polisi watumwe kuchunguza ni nini kilichousukuma moyo wake. Ikionekana kwamba kuna nguvu, hila au kishawishi, aliyemvuta anakwenda jela. Na zawadi ni kishawishi. Chakula chaweza kuwa kishawishi. Ahadi ya kazi ni kishawishi. Akitoka huko kurudi kwenye dini ya babu zake, haandiki chochote, kwa sababu hilo haliitwi kubadili dini. Linaitwa kurudi nyumbani, na hupigiwa ngoma na kutupiwa maua. Mlango mmoja una askari, mwingine una zulia, na wenye nyumba wanaapa kwamba ni uhuru.

Vipul alivaa shati lake la samawati, akaenda kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Karani alisoma karatasi yake huku akitafuna paan, yaani tambuu, mate mekundu yamemjaa mdomoni.

"Ukristo?" alisema, akatema pembeni ya meza, kwenye kona ya ukuta iliyokuwa nyekundu kwa mate ya miaka. "Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu."

"Hakuna mtu anayeacha dini yake bure, bwana mdogo. Sema, wamekupa nini?"

"Nimeshasema. Hakuna."

Karani akacheka, akapiga muhuri, na kabla Vipul hajafika barabarani alikuwa ameshainua simu. Mji wetu ni mkubwa, lakini wambea wake hutosha mji mara mbili yake.

Jumapili iliyofuata baba mdogo wake, Ramnaresh, alimwita nyumbani kwake. Huyu ndiye mwenye nyumba wanayokaa Vipul na mama yake, na ndiye kichwa cha ukoo tangu baba afe. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya asali. Sebuleni kwake kulikuwa na jokofu refu lililoletwa na wakwe wakati mwanawe alipooa, bado limevalishwa nailoni yake ili kila mgeni ajue ni jipya. Uani kulikuwa na pikipiki iliyotoka hukohuko. Kando ya Ramnaresh alikaa kijana mmoja anayeitwa Pappan, mwenye skafu ya rangi ya machungwa shingoni, ile ya vijana wanaojiita walinzi wa dini ya Kihindu.

"Huyu ni rafiki," Ramnaresh alisema. "Anajua kumbi za harusi. Kaa, mwanangu. Mbona umenificha? Nasikia umepata mchumba."

Vipul alikuwa amejiandaa kwa matusi. Aliposikia neno harusi, alilegea mwili mzima. "Baba mdogo, nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini? Zama zimebadilika. Msichana anaitwa nani?"

"Sulekha."

"Jina zuri. Anafanya kazi? Vizuri, vizuri." Mke wa Ramnaresh alileta chai na vitumbua vitamu. Pappan aliweka simu yake mezani, kioo kikiangalia chini. Kisha Ramnaresh akaegemea mbele, akatabasamu, akauliza lile swali ambalo kila mwanamume wa kwetu ameulizwa na kila mwanamke amelisikia nyuma ya pazia. "Haya, na upande wa msichana umetoa nini?"

Msomaji, nadhani umeshaona shimo. Vipul hakuliona. Lau angeulizwa na karani, angesema hakuna. Lakini huyu alikuwa baba mdogo, chai ilikuwa mezani, na swali lilikuwa swali la harusi. Msichana anayekuja mikono mitupu huku kwetu huitwa mkosi. Wakwe humhesabia kila kijiko. Vipul alikumbuka mama yake alivyosimangwa maisha yake yote kwa sababu ya masufuria aliyokuja nayo, eti mabovu, na akaapa moyoni kwamba Sulekha hatasimangwa. Ugonjwa wake ukampanda kichwani.

"Wametoa vizuri tu," alisema, akapandisha mguu juu ya mguu. "Hii saa ni yao."

Saa aliinunua mwenyewe.

"Ohoo! Na nini tena?"

"Sweta. Suti mbili za kushonesha. Mzee amesema pikipiki itakuja baada ya... baada ya mambo kukamilika."

"Mambo yapi, ubatizo?" Pappan aliuliza kwa upole.

"Mambo yote. Na ana jamaa yake Dubai, atanitafutia kazi."

"Watu wakarimu sana," alisema Ramnaresh, na macho yake yakakutana na ya Pappan juu ya sahani ya vitumbua.

Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga. Hapa mdomo wa mmoja uliponza kichwa cha mwingine.

Kesho yake asubuhi simu iliita.

"Vipul." Hakumwita mwizi. "Wamemchukua Baba."

"Nani?"

"Polisi. Walikuja na vijana wenye skafu. Baba alikuwa anaosha uso. Wamekichukua kinanda, wanasema ni ushahidi. Wamechukua na mikanda ya wateja. Mmoja aliingia jikoni akafunua sufuria zangu, Vipul, akanusa mchuzi, akaniuliza huu ndio mnaowalisha watu wabadilike?"

"Nakuja. Nakuja sasa hivi."

"Ngoja. Wameniwekea sauti kwenye simu. Ni ya kwako. Pikipiki ipi? Dubai yupi? Binamu yangu aliyeko mbali kuliko wote yuko Unnao, hapo ng'ambo ya mto! Ulisema nini?"

Vipul alijaribu kueleza. Maneno "baba mdogo" na "harusi" yaligongana mdomoni mwake. Upande wa pili simu ilikatwa, na alipopiga tena haikuita.

Kituoni inspekta alimpokea kama bwana harusi. Alimvutia kiti, akamwagizia chai. Ramnaresh alikuwa ameshafika, na yeye ndiye aliyepeleka mashtaka, maana ndugu wa damu ana haki hiyo.

"Usiogope, kijana," inspekta alisema. "Wewe huna kosa. Wewe ni mhanga."

"Mhanga wa nini?"

"Wa kishawishi. Maelezo tumeshaandika, wewe tia sahihi tu. Wamekupa saa, sweta, ahadi ya pikipiki, ahadi ya kazi, na msichana."

"Na msichana?"

"Na msichana." Inspekta aliangalia kucha zake. "Msichana naye ni zawadi, au sivyo?"

Chumba kikacheka. Vipul aliona meno ya baba yake mdogo, na kwa mara ya kwanza alimwona vizuri, bila ya lile joho la heshima tunalowavika wakubwa zetu. Aliiacha chai, akatoka nje, akatapika kwenye mfereji ulio mbele ya kituo.

Ramnaresh alimfuata mpaka hapo, leso puani. "Tia sahihi ukiwa bado na mahali pa kulala. Nyumba ni yangu. Mama yako mzee. Fikiri."

Jioni Vipul alikwenda Jajmau, akasimama kwenye lango la kiwanda mpaka kengele ya kutoka ilipolia. Huko hewa ina harufu ya ngozi mbichi na dawa, harufu inayoshika nguo wiki nzima. Sulekha alitoka na wenzake, amevaa salwar ya kijivu, hereni hakuvaa, vidole vina rangi nyeusi. Wenzake walipomwona Vipul wakajitenga.

"Nilidhani ni mambo ya harusi," Vipul alisema. "Aliuliza upande wa msichana umetoa nini. Ningesema nini?"

"Ungesema hakuna."

"Wangekudharau."

"Si wangenidharau tu? Dharau inafunga mtu jela?" Sauti yake haikupanda. "Ulitaka waniheshimu? Hapana. Ulitaka nionekane nina bei nzuri. Sisi hatukukupa kitu, Vipul. Sisi hatuna kitu. Baba yangu ana mkeka na kinanda, na mkeka amekuachia ukae wewe. Aibu iko wapi hapo?"

"Hakukuwa na aibu."

"Basi mbona uliiona?"

Vipul aliivua saa yake, akaitia mfukoni.

"Umetia sahihi?"

"Bado. Wanataka kututoa kwenye nyumba."

"Tia sahihi, au usitie. Siwezi kukuamulia hilo." Alifunga mtandio kichwani. "Ila usinipigie simu."

Nyumbani mama yake, Kusum, alikuwa ameketi jikoni akichambua dengu. Vipul alimweleza yote, akitazamia kilio. Mama alichambua mpaka punje ya mwisho.

"Nilipoolewa," alisema, "waliuliza swali hilohilo. Bibi yako aliyapiga masufuria yangu kwa kijiko moja moja mbele ya wageni ili wasikie yalivyo mepesi. Ramnaresh alikuwa kijana, alicheka mpaka akakaa chini. Baba yako alikuwa akilewa ananipiga kwa masufuria hayo." Akainua ungo. "Wewe uliwapigia kijiko kabla hawajakishika, mwanangu. Haya. Kesho nitafunga vyombo. Vyepesi vitabebeka."

Siku ya kutoa maelezo mbele ya hakimu, korido ya mahakama ilijaa. Pappan alikuja na wenzake, skafu zimepigwa pasi, kila mmoja na simu yake hewani. Barnabas aliletwa kwa pingu moja na mwizi wa pampu za maji. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Sulekha alisimama ukutani, amevaa sari nyeupe ya pamba yenye upindo wa bluu, na hakumwangalia Vipul.

Ndani, ambako watu waliingia mpaka wakabanana, hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyopinda. Jicho la Vipul la kazi liliona mara moja kwamba skrubu ya kulia imelegea.

"Unadaiwa kupewa saa, sweta, suti, na kuahidiwa pikipiki na kazi ili ubadili dini. Ni kweli?"

"Si kweli, mheshimiwa. Nilidanganya."

Ramnaresh akakohoa kwa nguvu.

"Ulidanganya kwa nini? Umelazimishwa?"

"Hakuna aliyenilazimisha. Baba mdogo aliniuliza upande wa msichana umetoa nini. Nikaona aibu kusema hawakutoa kitu." Watu walianza kuguna. Vipul alipandisha sauti, na safari hii haikuwa sauti ya majigambo. "Hawakunipa saa, nilinunua mwenyewe, risiti iko dukani. Hawakunipa sweta. Chai ya kwao haina sukari ya kutosha. Mzee yule alinipa kitambaa cha kufutia viatu nifute machozi, nikakirudisha. Mheshimiwa, mchumba wangu ni mtu wa mikono mitupu kabisa. Kitu pekee nilichopata kutoka kwake ni batasha moja, na hiyo hakunipa. Niliiba."

Chumba kizima kikapasuka kicheko. Hakimu mwenyewe alishika miwani yake isianguke. "Nyamazeni! Wewe, unataka bado kubadili dini?"

Wakili wa Barnabas alikuwa amemwonya: sema umeachana na wazo hilo, mambo yatakuwa mepesi. Vipul alimtazama mzee, mzee akatikisa kichwa kidogo sana, na Vipul hakujua kama maana yake ni usiseme au usikane.

"Nataka, mheshimiwa. Bure."

"Mwongo!" Ramnaresh alipiga kelele. "Wamempumbaza! Hakuna mtu anayebadilika bure!"

"Baba mdogo," Vipul alisema, "ulipopewa lile jokofu lako lenye nailoni, nawe uliitwa mhanga?"

Nyani haoni kundule. Ramnaresh alitolewa nje na askari akitukana ukoo wake mwenyewe, na Pappan, aliyekuwa akirekodi, alikata hapo akafuta.

Msidhani haki ilishuka kutoka mbinguni. Barnabas alipewa dhamana baada ya wiki kadhaa, kwa sharti la kutokusanya watu nyumbani kwake. Kesi haikufutwa; mpaka leo inaahirishwa. Kinanda kiko kwenye stoo ya polisi, na nimesikia panya wametafuna viriba vyake. Ombi la Vipul lilirudishwa na mstari mmoja: nia ya mwombaji haijathibitika. Fikiri, mkuu wa wilaya, na majalada yake yote ya mifereji na barabara, amepewa na kazi ya kuthibitisha nia za watu. Majirani waliokuwa wakinywa chai ya Barnabas sasa walivuka barabara wakimwona. Ukinitaka niseme nilichohisi, nilihisi kinyaa, na nimekihisi tangu hapo kila ninaposikia mtu wa kwetu akijisifu kwa ukarimu.

Vipul na mama yake walihamia chumba kimoja juu ya duka la miwani. Alitii neno la Sulekha, hakupiga simu. Kila jioni alipita kwa muuza batasha, akasimama kwenye duara, akasubiri zamu yake.

Ikafika Bada Din, ndivyo tunavyoiita Krismasi. Kanpur siku hiyo Wahindu hufurika makanisani kuliko Wakristo wenyewe. Huja na watoto waliovaa kofia nyekundu, huwasha mshumaa, hupiga picha, hula keki. Ndivyo ilivyokuwa tangu utoto wangu, na hakuna aliyewahi kubadilika kwa sababu ya zabibu kavu. Lakini mwaka huo inspekta na askari wake walisimama langoni, na Pappan na wenzake mbele ya askari, simu juu, wakitazama ni nani atampa nani nini. Wazee wa kanisa waliogopa. Waliamua hakuna keki ya bure. Wakaweka meza ndani ya uzio, na nyuma ya meza wakamweka Sulekha.

Alikuwa amevaa kurta ileile ya haradali, sweta jekundu juu yake, hereni za fedha masikioni. Vipul alisimama kwenye foleni, mama yake nyuma yake. Foleni ilimfikisha mezani.

"Heri ya Bada Din," alisema.

"Na kwako." Sulekha alitazama chini. "Umenunua viatu."

"Ngozi. Niligonga soli kwanza kabla ya kulipa. Baba hajambo?"

"Hajambo. Anaimba bila kinanda. Anakosea." Kisha, kwa sauti ndogo, "Alisema ulimfurahisha mahakamani. Alisema katika umri wake hajapata kusikia mtu akisifiwa umaskini vizuri vile."

"Na wewe?"

"Mimi nilitaka kukupiga. Kisha nikacheka njia nzima, nikachukia kwamba nacheka."

"Sulekha, nioe."

"Mwanamke haoi."

"Basi uolewe nami. Kwa msajili, si kwa padri wala pandit wa hekaluni. Kila mtu na dini yake kwenye karatasi. Ubatizo nitaomba tena, wakikataa nitaomba tena. Wewe njoo na mikono mitupu. Hata kijiko usilete."

Kusum alichungulia begani kwa mwanawe. "Masufuria ninayo, binti. Mepesi."

Sulekha alifunika mdomo kwa mtandio. Nyuma yao watu walianza kunung'unika kwamba foleni haiendi. Pappan alisogea mpaka kwenye uzio, simu mbele kama tochi.

"Keki hiyo anapewa?" alipaza sauti. "Anapewa bure?"

"Anauziwa!" Sulekha alijibu, naye akipaza. "Rupia hamsini! Lipa, mwizi."

Mwizi. Vipul aliposikia jina lake hilo, alitoa noti upesi. Sulekha aliipokea, akaiinua juu kuielekea simu ya Pappan, pande zote mbili, kisha akaitia kwenye kopo.

"Jibu langu je?"

"Kula kwanza. Mtu haposi na tumbo tupu."

Vipul alimega keki, lakini hakula. Alinyoosha kipande juu ya meza mpaka karibu na midomo ya Sulekha. Pappan aliruka, simu ikamtangulia, kisha akasita. Mhindu, kwenye karatasi, alikuwa akimlisha Mkristo kwa mkono wake mwenyewe, bure, mbele ya askari. Pappan alimgeukia inspekta, inspekta akatazama pembeni. Kwa upande huo sheria haikuwa na neno. Upande huo mtu angeweza kutoa keki, saa, pikipiki na jokofu lenye nailoni, na wote wangeita harusi.

"Chukua," Vipul alisema. "Nilikuwa nadaiwa."

Sulekha alikula kutoka mkononi mwake. Alitafuna polepole, macho yake kwa Pappan, mpaka mkono wa Pappan ukashuka. Kisha akameza.

"Ndiyo," alisema. "Sasa toka kwenye foleni, kuna watu wanasubiri zamu."